Vijiti vya titaniamu kukataa kushika kwenye kioo: angalia kioo kwanza

Mkuu, umesema ulitaka kuotesha vijiti vidogo mno vya oksidi ya titaniamu juu ya kioo, ukafuata vipimo vyote vya asidi na titaniamu, ukapika kwenye otoklevu (chombo kinachofungwa kabisa na kupikia kwa shinikizo) usiku kucha, na ulichopata ni unga mweupe unaofutika kwa kidole. Halafu ukataja kwamba ulitumia vioo vya kawaida vya hadubini. Tatizo liko hapo. Kemikali zako wala sina shaka nazo.

Nimeotesha vijiti hivi tangu nikiwa mwanafunzi wa uzamili, kwa ajili ya seli za jua, na kila mara kioo ndicho kinachoamua. Vipimo ulivyotumia vinatokana na kazi ya Bin Liu na Eray Aydil wa Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyotoka 2009: mililita 30 za maji safi, 30 za asidi ya haidrokloriki kali, mililita moja ya titaniamu butoksaidi (kimiminika kinacholeta titaniamu), nyuzi joto 150. Lakini wao walitumia kioo kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini, kile tunachokiita FTO. Oksidi hiyo ya bati na rutaili, yaani aina ya oksidi ya titaniamu inayounda vijiti vyako (ndiyo, madini yale yale yaliyokuwa yakichimbwa kwenye mchanga wa Kwale hadi mwishoni mwa 2024) zina mpangilio wa atomi wa aina moja. Upande wa kisanduku cha atomi kinachojirudia ndani ya oksidi ya bati ni angstromu 4.74 (angstromu ni kipimo cha urefu cha ukubwa wa atomi), wa rutaili 4.59, tofauti ni kama asilimia 3 tu. Rutaili inapotua pale inaendeleza safu iliyoikuta, kama fundi anayeendelea na ukuta ulioanzwa na mwenzake. Kioo kitupu atomi zake zimekaa shaghalabaghala, hakina safu ya kuendeleza. Titaniamu inajikusanya majini na kuzama.

Kama FTO hupati, pandikiza mbegu. Chovya kioo kwenye mchanganyiko mwepesi wa titaniamu isopropoksaidi, ethanoli na asidi kidogo, kikauke, kisha kichome nyuzi 450 kwa nusu saa. Usipandishe sana, kioo cha kawaida kitaanza kupinda. Vijiti vitashika, ila vitaegemea huku na huku, kwa sababu mbegu zenyewe hazikutazama upande mmoja. Kwa kusafisha maji hiyo inatosha kabisa. Kwa seli ya jua, tafuta FTO.

Namna ya kukiweka pia ina maana. Kiegemeze ukutani mwa chombo cha Teflon kilicho ndani ya otoklevu, uso uliopakwa ukitazama chini, maana unga unaojitengeneza majini hutua kwenye uso wa juu na kuziba kila kitu. Uso upi umepakwa? Pima kwa multimita: unaopitisha umeme ndio huo.

Kuhusu asidi, usiipunguze kwa kuhurumia otoklevu. Kazi yake ni kuizuia titaniamu isivamiane na maji kwa kasi. Ikiwa kidogo, mchanganyiko unakuwa kama maziwa papo hapo. Ikizidi mno, hakioti kitu. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu wa hewa. Butoksaidi ikinywa unyevu inaganda nyeupe shingoni mwa chupa, na hapo kipimo chako hakiaminiki tena. Fungua, vuta kwa pipeti kavu, funga. Idondoshe taratibu huku unakoroga, na usifunge otoklevu mpaka mchanganyiko uwe angavu kabisa.

Otoklevu isijae, acha walau theluthi moja wazi, na usiifungue ikiwa na joto hata kama una haraka kiasi gani: ndani mna mvuke wa asidi wenye shinikizo. Ifungulie kwenye kabati la kufyonza hewa. Umeme ukikatika katikati ya kupika, iache ipoe na uanze na kioo kipya, kwa sababu hutajua imeota kwa joto lipi. Na usiongeze saa ukidhani vijiti virefu ndivyo bora. Ukipitiliza, utando wote unabanduka kwenye kioo.

Ukimaliza, suuza, kausha, kisha omba kipimo cha eksirei kinachoonyesha atomi zimepangwaje. Kwa mashine ambayo eksirei zake zinatokana na shaba, vijiti vya rutaili vilivyosimama wima vinaonyesha kilele kwenye grafu karibu na pembe ya nyuzi 36.1 na kingine 62.8, na kile cha 27.4 hakionekani. Hicho cha 27.4 kikiwa ndicho kirefu kuliko vyote, ulichonacho ni unga uliotua.