Yaya Anajibu: Obusi juu ya bifé, pembeni ya foto ya marehemu

SWALI: Bonjour Yaya. Mimi ni mjane, niko Goma, kartié Majengo, nina watoto 3. Bwana yangu alikuwa mwanajeshi, kazi yake kutegua mabomu, na hiyo kazi ndiyo ilimuua 2013 kwenye vita ya upande wa Kibumba. Sasa juzi shemeji yangu katoka shambani na obusi, lile bomu la mzinga, akaikwangua kutu na brosi ya chuma, akaipaka rangi ya kijani, akaandika jina la kaka yake, akaiweka juu ya bifé, kabati letu la sebuleni, pembeni ya foto eti ndiyo ukumbusho wa shujaa wetu. Ni nzito, ina ncha mbele. Usiku silali. Nikisema itoke wakwe wananiambia nimeshachoka kumkumbuka mtoto wao. Nifanye je?

JIBU: Dada yangu, pole sana, lakini ya wakwe tuyaache kwanza. Hapo pa brosi ya chuma nimesoma mara mbili, mwili ukanisisimka.

Kuna watu hapa mjini wanapanda maua ndani ya duyi, lile ganda la shaba linalobaki nyuma risasi kubwa ikishatoka, na mara nyingi linakuwa tupu. Chako si duyi. Kitu kizito chenye ncha, kilichookotwa shambani, ndiyo bomu lenyewe, na kama lilipigwa likaanguka bila kulipuka basi kile kichwa cha mbele kinaweza kuwa kilishajifungua njiani, kimebaki kungojea sababu tu, mtoto akivuta kitambaa cha bifé, joto la dirishani, chochote. Na usijidanganye kwamba ni la zamani, chuma ndiyo inaoza, baruti ya ndani inabaki pale pale.

Kwa hiyo usiliguse, usilitoe nje, usilimwagie maji, na huyo shemeji asije akalipandisha kwenye pikipiki kulipeleka kambini (najua wanaume wetu!). Toa watu wote nyumbani, funga mlango, waambie na majirani wa ukuta kwa ukuta wasogee, kisha mwone chefu wa kartié awaite wategua mabomu. Ukisikia aibu, kumbuka bwana yako alikuwa anaitwa kwenye nyumba za watu kwa shida kama hiyo hiyo.

Sasa wakwe. Waambie habari ya sajenti mmoja wa Uingereza, Olaf Schmid, naye mtegua mabomu, aliuawa Sangin, mkoa wa Helmand kule Afghanistan, tarehe 31 Oktoba 2009, miaka 30 tu, na ilikuwa imebaki kidogo arudi nyumbani. Kwa miezi michache alikuwa ameshategua mabomu zaidi ya 60. Mwaka 2010 wakampa George Cross akiwa kaburini, medali ya ushujaa mkubwa kabisa ambao haukufanyika kwa kupigana na adui uso kwa uso, na mimi naona hapo walimwelewa vizuri, juu kazi yake ilikuwa kupiga magoti mbele ya kitu ambacho wengine wote wanakikimbia. Wanaomkumbuka wanahesabu yale aliyoyaondoa. Nyinyi mmemrudishia bwana yako moja nyumbani, tena lina jina lake.

Juu ya bifé weka bere yake, ile kofia ya jeshi, au koleo zake za kazi kama zilirudi, au hata ile kikombe alichokuwa anakunywea chai. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi watu wote tunaenda kusafisha makaburi, mwite shemeji aende na watoto, na ile rangi iliyobaki aiandikie jina msalabani, nina hakika umeshafifia. Na tarehe 4 Aprili, siku ambayo UN iliiweka kwa ajili ya mabomu ya ardhini, mtoto wako mkubwa anaweza kusimama darasani akasema baba alikuwa anafanya kazi gani na kwa nini chuma cha kuokota hakishikwi. Shemeji akikasirika mwache akasirike, yeye alimpenda kaka yake, hilo halina ubishi, ila hakujua alichokishika.

Lakini hayo ya baadaye. Leo watoto walale kwa jirani wa mbali, na wewe pia.