Picha ya Kwanza Ukutani: Maswali na Majibu

Sina elimu ya sanaa, na kipato changu ni cha kawaida. Nianze na nini?

Anza na kazi za karatasi, yaani michoro ya penseli au wino, rangi za maji, na chapa zinazopigwa kwa mkono kutoka kwenye ubao uliochongwa, kwa sababu msanii ambaye picha zake za rangi kwenye turubai huwezi kuzimudu mara nyingi huuza michoro yake midogo kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Herbert Vogel alikuwa mfanyakazi wa posta mjini New York, na mkewe Dorothy alikuwa mkutubi. Waliendesha maisha kwa mshahara wa mke na kununua sanaa kwa mshahara wa mume, sharti lao likiwa kwamba kazi iwe ya bei wanayoimudu na iweze kuingia katika nyumba yao yenye chumba kimoja cha kulala. Mwaka 1992 walikubali kuukabidhi mkusanyo huo kwa National Gallery of Art ya Washington.

Muuzaji anasema picha hii ni chapa halisi, nayo imeandikwa 12/50. Nitajuaje kwamba si bango?

Nambari hiyo inadai kwamba hii ni nakala ya 12 kati ya 50, lakini nambari huweza kuandikwa na yeyote, kwa hiyo amini zaidi karatasi yenyewe. Itazame kwa lenzi ya kukuzia: ukiona vitone vya buluu, waridi, njano na nyeusi vilivyojipanga kwa utaratibu, picha imetoka mashineni, hata kama ina sahihi. Kisha iinamishe kwenye mwanga, kwani chapa iliyopigwa kwa bamba la shaba kwa kawaida huacha ukingo uliobonyea kuizunguka picha, na kidole huuhisi. Bango si kosa. Kosa ni kulilipia bei ya chapa. Dai risiti inayotaja msanii, mwaka, mbinu na idadi ya nakala.

Je, thamani yake itapanda?

Usinunue kwa matumaini hayo. Kazi nyingi haziuziki tena hata kwa bei zilizonunuliwa.

Fremu ni ghali kuliko picha. Naweza kubana matumizi hapo?

Unaweza, kwa kuchagua picha yenye kipimo kinachoingia katika fremu zilizokwisha kutengenezwa. Usibane kwenye kadibodi inayoizunguka picha ndani ya fremu: iwe isiyo na asidi, nayo iitenge picha na kioo ili unyevu usiigandishe kiooni. Itundike mbali na jua, kitovu chake kikiwa takribani sentimita 150 kutoka sakafuni. Selotepu usiiguse kabisa. Ninao mchoro wa wino nilioubandika kwa selotepu kwa nyuma nilipokuwa mwanagenzi; utepe ulikwisha kubanduka wenyewe, lakini gundi yake imepenya hadi mbele, na mwanamke aliyechorwa sasa ana baka la kahawia begani.