Kadi za harusi zimelegea: nani kakosea?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu anayeishi Marekani kanitumia maelezo ya kadi za harusi yake: "kadi, ratili (pauni) 80." Nikayapeleka stationeri hapa Tanga, wakaandika 80 kwenye oda, na kadi 200 zikatoka laini kama karatasi ya daftari. Mwenye duka ananiambia ndiyo 80 niliyoitaka. Je, nimepunjwa?
Mama Bibi Harusi, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Hujapunjwa. 80 ya mwanao na 80 ya dukani hazina undugu.

Huku kwetu tunahesabu gramu kwa mita ya mraba. Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ukiipima ikatoa gramu 80, hiyo ndiyo karatasi ya 80. A0 moja hutoa A4 kumi na sita, kwa hiyo A4 moja ni gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Mimi huazima mizani ya jirani yangu muuza mchele. Rimu ikisoma kilo 2.2 na pakiti imeandikwa 80, najua hiyo ni 70 iliyovaa kanzu ya mwenzake.

Wamarekani hupima kwa ratili rimu nzima ya karatasi 500 ambazo hazijakatwa. Balaa ni kwamba ukubwa wa karatasi hizo hubadilika kwa aina: za kadi ni inchi 20 kwa 26, za vitabu 25 kwa 38, za ofisini 17 kwa 22. Basi ratili 80 za kadi ni kama gramu 216, lakini ratili 80 za karatasi ya kitabu ni 118 tu, na ratili 20 za ofisini ni 75. Nimezeekea kwenye mashine ya kukatia karatasi, na hesabu hii bado hunichosha.

Kachapishe upya kwenye gramu 220 au 250. Usitaje namba tupu, taja gramu, kisha omba kipande ukishike kwa kona moja: kikiinama kama jani la mgomba, kirudishe. Macho pekee yasikudanganye, maana karatasi iliyobanwa na kung'arishwa huonekana nyembamba kuliko nyingine ya gramu zilezile.

Zile 200 usizitupe. Kama migongo yake ni mitupu, zitafaa kuchapia ratiba ya ukumbini.