Damu ya mzee, zambarau na chokoleti: mliyoniuliza kuhusu lipstiki za giza

*Anti, mdomo wangu wa juu ni mweusi, wa chini una waridi katikati. Nikipaka damu ya mzee, juu inageuka nyeusi tii na chini inabaki nyekundu. Nifanyeje? (Msomaji, Tabata)*

Midomo ya rangi mbili tunayo wengi, mimi nikiwemo, wala si ugonjwa. Lipstiki ikishakaa huchanganyika na rangi iliyo chini yake, kwa hiyo sawazisha kwanza ndipo upake. Chukua penseli ya mdomo ya kahawia iliyokolea, jaza pale penye waridi tu, kisha fifisha kingo kwa ncha ya kidole. Wa juu uache kama ulivyo. Ukiona midomo yote miwili imekaribiana, paka lipstiki safu nyembamba, bana tishu kati ya midomo, halafu paka safu ya pili. Safu moja nene huvunjika mapema.

Wapo wanaofunika rangi ya midomo kwa faundesheni kabla ya kupaka. Kwa rangi ya pichi sina neno. Kwa damu ya mzee, faundesheni huteleza, na ukishakunywa chai moja mikunjo inaanza kutoa ukijivu. Na tafadhali, achana na vikopo vya kung'arisha midomo visivyoandikwa viambato. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na kinachopakwa mdomoni kingine unakimeza.

*Dukani rangi ni moja, nikifika nyumbani ni nyingine. Wananibadilishia? (Mbagala)*

Hawakubadilishii, ni taa zao. Omba utoke nayo hadi mlangoni uitazame kwa mwanga wa jua. Ijaribu kwenye nyama ya ncha ya kidole, maana mgongo wa mkono haufanani kabisa na mdomo. Ile ya majaribio iliyopita midomo ya Kariakoo nzima usiiguse kwa mdomo wako, vile vidonda vya homa huambukizwa hivyohivyo.

Kuna kanuni kwamba ngozi yenye udhahabu ichukue chokoleti na ile yenye ubuluu ichukue zambarau. Ni mahali pazuri pa kuanzia tu. Mimi huangalia zaidi nguo utakayovaa.

*Nimeona Black Honey ya Clinique mtandaoni, inatisha kwa weusi. Nitaweza kuivaa chuoni? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Utaivaa hata kanisani. Ilianza kuuzwa mwaka 1971, na weusi wake unaishia kwenye kasha: mdomoni ni nyepesi, unapita utando tu wa rangi. Kwenye midomo iliyoiva kama yetu huenda usione zaidi ya mng'ao. Ukitaka giza lenyewe, hela yako ipeleke kwingine.

*Naolewa mwezi ujao. Nataka zambarau iliyokolea, lakini kuna biriani na kamera. (Bi harusi mtarajiwa, Morogoro)*

Hongera! Chukua ile ya maji inayokauka. Soda na machozi itavistahimili, ila mafuta yataishinda, ndiyo maana usiku tunaitoa kwa mafuta ya nazi. Nilishawahi kumpamba bi harusi aliyeng'ata paja la kuku kwa furaha zote. Tulipofika kwenye keki alikuwa amebaki na mstari wa zambarau pembeni, katikati mdomo mtupu, na picha ndizo hizo hadi leo. Rangi ya waridi ikifutika hivyo hakuna anayejua. Ya giza inakuanika.

Kula kwa kijiko, tonge dogo, na mpambe wako akae na tishu, penseli na lipstiki kwenye pochi yake. Ukimaliza kula, futa yote upake upya. Ukipaka juu ya mafuta itajikunja kama ngozi ya maziwa.

*Nina miaka 61, napenda damu ya mzee tangu ujana. Wajukuu wananicheka. Niache? (Tanga)*

Shikamoo mama. Waache wacheke, wewe paka. Badilisha aina tu: zile kavu zinaingia kwenye mistari ya midomo na kuichora, tafuta yenye ulaini. Zungushia kwanza penseli ya rangi ileile, isivuje kwenda juu. Kama midomo imepungua, giza litaizidisha udogo, basi gusa katikati ya mdomo wa chini kwa rangi iliyo nyepesi kidogo.

*Inahamia kwenye meno kila mara, na ofisini hakuna anayeniambia! (Kinondoni)*

Ukishapaka, ingiza kidole cha shahada mdomoni, funga midomo, kitoe taratibu. Duara utakaloliona kwenye kidole ndilo lililokuwa linaelekea kwenye meno. Nawa mikono kwanza, daladala hazina siri.