Mitungi ya klorini kupitia Bandari ya Dar: stika moja ya fuvu haitoshi

Mkuu, nimesoma swali lako. Unaleta mitungi 80 ya klorini ya kutibu maji, kilo 68 kila mmoja, kutoka Marekani, inashukia Dar kisha inapakiwa kwenye malori kwenda Morogoro. Muuzaji amekwambia mitungi ina stika ya fuvu na maneno INHALATION HAZARD, kwa hiyo kila kitu kiko sawa. Nimefanya uwakala wa forodha hapa mjini miaka 14 na nakusihi usikubali jibu hilo.

Maneno hayo ni matakwa ya Marekani. Sheria ya kule inataka kemikali inayodhuru kwa kuvutwa na pumzi iandikwe hivyo, ama ndani ya lebo yenyewe ama kando yake. Kwenye karatasi za mzigo wanaongeza na daraja la ukali, kuanzia A hadi D. Klorini iko B. Ni utaratibu mzuri, lakini meli inafuata kanuni za IMDG, yaani kanuni za kimataifa za kubeba mizigo hatari baharini, na humo klorini, namba UN 1017 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kuitambulisha kemikali), ina hatari tatu, kila moja na namba ya daraja lake. Ya kwanza ni 2.3, gesi ya sumu: lebo nyeupe yenye fuvu. Ya pili ni 5.1, kwa kuwa inachochea moto: lebo ya njano, mwali juu ya duara. Ya tatu ni 8, kwa kuwa inaunguza ngozi na kula chuma. Zote tatu zinatakiwa kuonekana kwenye mtungi, pamoja na namba yake na jina lake, na ile alama ya samaki na mti mkavu, maana klorini inaua viumbe wa majini.

Halafu kuna kontena lenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Bango la kontena ni kubwa kuliko lebo ya mtungi, angalau milimita 250 kila upande, na linabandikwa pande zote nne. Wengi hubandika mlangoni tu. Kontena likipangwa yadi na mlango wake ukaelekea kontena jingine, anayepita hajui kilichomo. Mzigo wako ukipimwa pamoja na mitungi yenyewe utapita kilo 4,000, kwa hiyo kama hakuna kemikali nyingine humo, na namba 1017 nayo lazima iandikwe kwa nje. Vibandiko viwe vya kustahimili miezi mitatu ndani ya maji ya bahari bila kufutika. Karatasi iliyochapwa stationery na kufunikwa na selotepu haifiki huko. Nimeona kwa macho yangu mwezi wa nne, masika imekolea, wino mwekundu unatiririka kwenye ubavu wa kontena hadi chini na fuvu limebaki doa la kijivu.

Sasa nikueleze kwa nini nalisimamia hili. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa tunarudisha mitungi iliyokwisha tumika, yadi ya Kurasini. Mtu wa stoo alikuwa amebandua lebo zote kwa sababu mitungi ni mitupu, na mimi nikasaini karatasi inayosema hivyohivyo. Kibarua mmoja, kijana tu, alifungua kofia ya mtungi na kuzungusha valvu aone kama kuna kitu. Kilichobaki kilitosha. Harufu ilikuwa kama ya Jik lakini kali mara nyingi, inachoma hadi nyuma ya macho. Kijana alikohoa, akachuchumaa chini kutafuta hewa, na huko chini ndiko gesi ilikokuwa, kwa sababu klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu. Dereva mmoja mzee aliyewahi kubeba kemikali ndiye aliyepiga kelele, "Mpandisheni juu, upande unakotoka upepo!" Kijana alilazwa siku mbili. Alipona, namshukuru Mungu, lakini ile saini yangu siisahau. Kanuni iko wazi: mtungi uliobaki na mabaki ya gesi unabaki na lebo zake zote mpaka usafishwe kabisa.

Unakumbuka Aqaba, Jordan, Juni 2022? Tangi la klorini lilidondoka kutoka kwenye kreni bandarini na watu zaidi ya 10 wakafa. Gesi ikishatoka, zimamoto hana muda wa kutafuta karatasi ofisini. Anasoma kilichobandikwa.

Kwa hapa nyumbani, usisahau Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inataka usajiliwe na uwe na kibali kabla mzigo haujaingia. Anza mapema, usisubiri meli itie nanga. Dereva wako apewe MSDS, karatasi ya maelezo ya usalama wa kemikali, ya Kiswahili na aelezwe kwa mdomo pia. Akishashusha Morogoro na lori kurudi bila mitungi wala mabaki, mabango yang'olewe. Likizunguka mjini na fuvu huku limebeba mahindi, watu watazoea kulipuuza.

Mwambie muuzaji akutumie picha za mtungi kwa karibu na za pande zote nne za kontena kabla halijapanda melini. Ukizipata zitupie hapa, nitazipitia moja moja.