Ndoa moja, vyeti viwili: maswali yenu kuhusu talaka ughaibuni

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wasomaji waliofunga ndoa nchi moja, wakafunga tena nchi waliyohamia, na sasa wanaachana. Nimeyafupisha bila kubadili maana.

Tulifunga ndoa nyumbani mwaka 2016. Mwaka 2019 tukafunga tena serikalini hapa Marekani ili makaratasi yaende vizuri. Je, nahitaji talaka mbili?

Hapana. Kama ndoa ya 2016 ilikuwa halali kwa sheria ya nchi ilikofungwa, mlikuwa mke na mume tangu siku ile, na sherehe ya 2019 haikuzaa ndoa nyingine. Mahakama inavunja ndoa, haivunji cheti. Hukumu moja inatosha. Kama ile ya kwanza haikutimiza sheria ya huko, basi ndoa yenu ni ya 2019, na jibu ni lile lile.

Ila usiifiche ya kwanza. Kwenye maombi ya talaka taja zote mbili, kila moja na tarehe yake na mahali ilipofungwa. Ukitaja ya 2019 peke yake, utabaki na cheti cha 2016 ambacho hukumu haikukigusa, na siku utakapotaka kuoa au kuolewa tena kule, msajili atakuuliza kimeishia wapi. Isitoshe, tarehe ya ndoa ina fedha ndani yake. Katika jimbo kama California, mali iliyochumwa tangu siku ya ndoa hadi siku ya kutengana kwa kawaida ni ya wote wawili, na urefu wa ndoa huathiri matunzo.

Kabla ya kuandika lolote, toa kopi za fomu zako za uhamiaji uone ulijaza tarehe ipi. Kama fomu zinasema 2019 na talaka itasema 2016, mwone wakili wa uhamiaji kwanza, siyo baadaye. Wakili wa talaka pekee hatoshi hapa, hata awe hodari namna gani.

Hukumu ikitoka, ipeleke nchi ya kwanza ili ndoa ifutwe kwenye vitabu vyao. Chukua nakala iliyothibitishwa na mahakama. Ikiwa nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961, utahitaji muhuri wa apostili, yaani uthibitisho unaofanya hati ya nchi moja ikubalike nchi nyingine. Vinginevyo hati hupitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Nchi nyingine zitakutaka pia uombe mahakama yao iitambue hukumu hiyo.

Mume wangu anasema nikidai talaka atanirudisha kwetu. Anaweza?

Dada yangu, hana mamlaka hayo. Hakuna mume wala mke anayetoa amri ya kumfukuza mtu nchini. Vitisho hivi vinawafunga watu miaka mingi ndani ya nyumba zisizo salama, na inaniuma kila ninapovisoma. Anachoweza kufanya ni kuondoa ombi alilokuwekea, ikiwa bado halijakamilika. Kwa hiyo swali la kweli ni: uko hatua gani?

Ikiwa uko Marekani na grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, haijatoka, talaka kwa kawaida inaliua ombi la ukaazi kupitia ndoa. Hapo usifungue kesi kabla ya kupata ushauri. Ikiwa una kadi ya masharti ya miaka miwili, ambayo hupewa waliokuwa kwenye ndoa chini ya miaka miwili siku ya kukubaliwa, bado una njia. Baada ya talaka unaweza kujaza fomu I-751, ile ya kuondoa masharti kwenye kadi, peke yako, bila sahihi ya mumeo, ukiomba kuondolewa sharti la kuijaza pamoja. Utatakiwa kuthibitisha kwamba mliingia kwenye ndoa kwa nia ya kweli: mkataba wa nyumba wenye majina yenu wawili, akaunti ya benki ya pamoja, bima, ritani za kodi, picha za miaka tofauti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Anza kuvikusanya leo, ukavihifadhi nje ya nyumba.

Mwenye kadi ya miaka kumi haipotezi kwa sababu ya talaka tu. Kinachobadilika ni uraia: njia ya miaka mitatu inawahusu wanaoishi na mwenzi ambaye ni raia, kwa hiyo aliyeachika husubiri mitano. Aliye kwenye viza tegemezi, inayotokana na viza ya kazi ya mwenzi wake, kama H-4 au L-2, hali yake inakwisha talaka inapokamilika.

Na kama anakupiga au anakutesa, soma hapa mara mbili. Sheria ya Marekani inayoitwa VAWA inamruhusu mwenzi wa raia au wa mwenye grini kadi kujiombea mwenyewe, bila mtesaji kuarifiwa. Inawahusu wanaume pia. Ndoa ikishavunjika, ombi liwasilishwe ndani ya miaka miwili. Uingereza nayo ina njia ya ukaazi kwa wenye viza ya mwenzi ambao ndoa zao zilivunjika kwa sababu ya ukatili.

Tulioana London, mimi sasa naishi California, mke wangu amebaki kule. Nifungue kesi wapi?

Kaka, ulikofungia ndoa hakukufungi. Kinachoangaliwa ni mnakoishi. California inataka mmoja wenu awe ameishi jimboni miezi sita na kwenye kaunti miezi mitatu. England na Wales inataka ndoa iwe imefikisha mwaka mmoja. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 huhitaji kuthibitisha kosa la mwenzako, lakini kuna wiki 20 za kusubiri kabla ya amri ya awali, kisha wiki sita na siku moja kabla ya ile ya mwisho.

Jihadhari na jambo moja. Mahakama ya jimbo unakoishi inaweza kuivunja ndoa na bado isiwe na uwezo wa kuamua fedha za mtu asiyewahi kuishi huko. Ardhi iliyo nchi nyingine nayo kwa kawaida inahitaji hatua katika nchi hiyo. Pima kwanza mali na watoto wako wapi.

Tunaishi Uingereza. Mume alinitumia talaka tatu kwa simu. Nimeachika?

Kidini, waulize wanazuoni unaowaamini. Kisheria bado umo ndani ya ndoa. Talaka inayotolewa ndani ya Uingereza nje ya mahakama haitambuliwi, kwa Sheria ya Familia ya 1986. Ukifunga ndoa nyingine ya kiserikali sasa, itakuwa batili na unaweza kushtakiwa. Wapo pia wenye hukumu ya mahakama ambao dini yao bado inawahesabu wameolewa, kwa hiyo fuatilia pande zote mbili.

Naweza kuondoka na watoto nirudi nao nyumbani kesi ikiendelea?

Bila ruhusa ya mahakama au ridhaa ya maandishi ya mzazi mwenzako, usithubutu. Mkataba wa The Hague wa 1980 unataka mtoto wa chini ya miaka 16 arudishwe haraka nchi aliyozoea kuishi. Si nchi zote zimejiunga, lakini hilo halikulindi: Marekani inahesabu kumtorosha mtoto namna hiyo kuwa kosa la jinai tangu 1993. Kama unakimbia hatari, omba amri ya ulinzi na ruhusa ya kuhama kabla ya kupanda ndege.

Alinidhamini kwa fomu I-864. Tukiachana, udhamini unakwisha?

Haukwishi kwa talaka. Unakwisha ukiwa raia, ukifikisha robo mwaka 40 za kazi (kama miaka kumi), ukiondoka Marekani moja kwa moja na kuachana na ukaazi, au mmoja wenu akifariki. Hadi hapo, kipato chako kikishuka chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali, unaweza kumdai mahakamani. Mwambie wakili wako ailete fomu hiyo kwenye mazungumzo ya matunzo kabla hujasaini makubaliano yoyote.