Kabla hamjapasua "jipu" la shingoni

Mwanangu alikuwa na miaka minne nilipokigusa kile kivimbe, nikimkausha maji baada ya kumwogesha. Kilikuwa katikati kabisa ya shingo, chini ya kidevu, kama mbaazi. Hakiumi. Mama mkwe akasema rovu. Jirani yangu hapa Ngamiani akasema ni tezi tu, zitanywea. Nikangoja.

Akashikwa na mafua, kivimbe kikaiva, chekundu, cha moto. Zahanati moja wakakipasua kama jipu. Niliyekubali ni mimi. Kidonda kilifunga, kikaacha kitundu cha kuingia sindano, na kila nikifua kanzu yake ya chuoni nakuta kola imegandamana ute.

Daktari wa masikio, pua na koo alimwambia tu, "Haya baba, nitolee ulimi. Mrefu zaidi!" Kivimbe kikapanda. Akampa maji ameze, kikapanda tena. Kumbe tezi ya thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi mtoto akiwa tumboni, kisha huteremka shingoni. Njia iliyopita isipozibika, hujaa ute na kuwa kifuko, na kwa kuwa imeshikana na haioidi, kijifupa cha shingoni chini ya ulimi, ulimi ukitoka nayo huvutwa. Uvimbe wa pembeni mwa shingo kwa kawaida ni wa asili nyingine, na hata TB ya tezi za limfu hujitokeza huko. Kwa hiyo mkijaribu ulimi nyumbani, msijipe majibu, nendeni hospitali.

Mkifika, ulizeni utrasaundi. Si kwa ajili ya kivimbe tu, bali kuhakikisha tezi ya thairoidi yenyewe ipo mahali pake. Wapo watoto ambao uvimbe huo ndiyo thairoidi pekee waliyo nayo. Ukitolewa, watameza vidonge maisha yote.

Halafu muulizeni daktari wa upasuaji, bila haya: utaondoa na kipande cha katikati cha haioidi? Upasuaji huo unaitwa wa Sistrunk, wa tangu 1920. Kifuko kikitolewa peke yake, mara nyingi hurudi. Kikiwa kimeiva, kwanza antibayotiki, kisu baadaye. Lakini mtoto akipumua kwa shida au akishindwa kumeza mate, msisubiri kukuche.

Wa kwangu alifanyiwa, akaamka akidai uji. Kovu limelala kwenye mkunjo wa shingo. Kinyozi wake hajaliona hadi leo.